Gauni la kitenge: nimefumua zipu mara nne, maduara bado hayalingani

Tepu_na_Chaki

Habari za jioni wadau wa cherehani. Nisaidieni kabla gauni hili halijawa tambara la kupigia deki.

Ni gauni la kitenge, mkato wa prinsesi (mishono mirefu ya wima inayolichonga gauni kwenye mwili) mbele na nyuma, halina mshono wa kiunoni, zipu ya kujificha ya inchi 22 mgongoni. Kitenge kina maduara makubwa ya inchi 5 hivi, na safu moja ya maduara inapita katikati kabisa ya mgongo, yaani kila duara linagawanywa na zipu. Paterni ni ya karatasi, nafasi ya mshono (kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo) 5/8 ya inchi pote. Cherehani ya umeme ya nyumbani, yenye zigizaga. Sindano 90/14, uzi wa poliesta wa koni, urefu wa mshono 2.5.

Nikifunga zipu, nusu duara za kulia zinakaa chini kuliko za kushoto kwa milimita 4. Nimefumua na kurudia mara nne, kila mara jibu ni lile lile. Pili, kifua kimepungua inchi moja na nusu nzima kuliko kipimo cha paterni, na mishono yote nimeifuata juu ya mstari wa 5/8 wa kwenye bati la cherehani, lile la chini ya sindano, bila kuyumba hata unywele. Tatu, kwenye mishono mirefu kitambaa cha juu kinabaki kimezidi cha chini kwa milimita 5 nikifika mwisho.

Pale kwenye zipu sasa kuna safu ya vitobo na ukingo umeanza kuchambuka nyuzi. Mshono unafumuliwa mara ngapi kabla ya kusema basi? Na kosa liko wapi hasa, kwenye kukata au kwenye kushona?

FundiBitana

Weka kifumulio mbali na mkono kwanza. Kufumua bila kujua chanzo ndiko kunakoleta jibu lile lile mara nne.

Nianze na kifua, maana hapo hesabu inazungumza. Prinsesi ya mbele ina mishono miwili, ya nyuma miwili, na ubavuni miwili. Jumla sita. Zipu siihesabu, kwa kuwa yenyewe hufuata meno yake na si mstari wa bati. Umepoteza inchi 1½. Gawanya kwa sita, unapata robo inchi kila mshono. Mshono una vipande viwili, kwa hiyo kila kipande kimeliwa thumuni ya inchi, kama milimita 3. Hukuyumba, ndiyo maana hesabu imetoka safi hivyo. Ulinyooka vizuri kabisa kwenye mstari usio wako.

Cherehani nyingi za zigizaga zinaweza kuhamisha sindano kushoto, katikati au kulia, na nyingine mshono wa kawaida namba moja huanzia kushoto. Ukihama kutoka katikati kwenda kushoto kabisa unasogea milimita 3 hadi 3.5 mbali na mistari ya bati. Teremsha sindano kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, weka rula, pima kutoka kwenye ncha ya sindano hadi mstari wa 5/8. Inatakiwa milimita 16. Tuambie unapata ngapi.

Kuhusu zipu nijibu mambo matatu. Tofauti ya milimita 4 ni ile ile kuanzia shingoni hadi mwisho wa zipu, au inaongezeka? Ukingo wa shingo wenyewe, kulia na kushoto, uko sawa au nao umepishana? Na ulianzia wapi kushona kila upande?

Kastabani

Wakati unapima, ngoja mimi nijibu lile la kufumua, maana naona watu wengi wanaharibu kitambaa hapo na si kwenye kushona.

Usiingize kifumulio katikati ya vipande viwili ukakisukuma mbele kama kisu. Siku kitakapokamata uzi wa kitambaa kitapasua hadi kwenye mwili wa gauni. Geuza upande mmoja, kata hatua moja ya mshono, ruka nne au tano, kata tena, hadi mwisho. Kisha nenda upande wa pili, shika uzi, vuta. Unatoka mzima mrefu. Vile vipande vidogo vilivyobaki upande wa kwanza futa kwa tepu ya gundi au burashi kavu.

Kitenge ni pamba iliyofumwa vizuri, kwa hiyo vitobo vinazibika. Nyunyiza maji, kwaruza kwa ukucha kwa mtande (nyuzi za urefu) halafu kwa mshindio (nyuzi za upana), piga pasi ya moto kwa upande wa ndani. Satini haina msamaha huo, ngozi ndiyo kabisa.

Mara ngapi? Kwa kitenge, mbili kwenye mstari ule ule. Ya tatu si kwamba ni haramu, ila nafasi ya mshono inakuwa imelegea, imevutika kwa kushikwashikwa, na sasa hata ukishona sawasawa haiwezi kulala sawa. Wewe uko kwenye nne. Kabla ya kurudisha zipu kata vipande viwili vya kitambaa cha gundi, kile chepesi kinachobandikwa kwa pasi, upana inchi 1, urefu inchi 23. Bandika kwa ndani, kila upande mmoja, viufunike mstari wa mshono na ukingo uliochambuka. Kandamiza pasi sekunde kumi, inua, sogeza. Usiikokote, ukiikokota unaurefusha ukingo na zipu itafanya mawimbi.

Tepu_na_Chaki

Nimepima. Sindano hadi mstari wa 5/8 ni milimita 19. Nimebaki mdomo wazi.

Zipu: tofauti ni 4 juu, 4 katikati, 4 chini. Ukingo wa shingo nao upande wa kulia umeshuka milimita 4 hizo hizo. Kushoto nilianzia shingoni kushuka. Kulia nilianzia chini kupanda, kwa sababu niliona futi (ile inayokandamiza kitambaa) inakaa vizuri zaidi kwa upande huo.

FundiBitana

Basi kila kitu kimejieleza.

Milimita 19 ni robo tatu ya inchi. Sogeza sindano katikati, au kama cherehani yako haina uchaguzi huo, bandika kipande cha plasta juu ya bati milimita 16 kutoka kwenye sindano na uifuate plasta. Usiamini bati la cherehani yoyote kabla ya kulipima, hata iwe mpya dukani.

Kukata ulikata vizuri. Ungekosea kwenye kukata, shingo ingekuwa sawa na maduara yangepishana. Shingo na maduara vikishuka pamoja kwa kiasi kimoja, ni kipande kizima kilichosogea wakati wa kushona. Kilisogea kwa sababu ile ile inayokupa milimita 5 kwenye mishono mirefu. Meno ya cherehani yako chini, yanavuta kitambaa cha chini tu. Cha juu kinazuiwa na futi, kinachelewa. Kwenye zipu, kitenge ndicho kilicho chini na utepe wa zipu uko juu, kwa hiyo kitenge kinaliwa haraka kuliko utepe. Ukianzia shingoni kila upande, vyote viwili vinaliwa kwa mwelekeo mmoja na duara linakutana na mwenzake. Wewe ulibana kushoto kwa juu, ukabana kulia kwa chini, tofauti haikuwa na pa kwenda ila shingoni. Ungeweza kufumua mara kumi.

Sasa kifua. Usifumue kwanza. Shona mshono mpya wa 5/8 halisi, nje ya ule wa zamani kuelekea ukingoni, ukiwa bado umefungwa. Mshono wa zamani unakushikia vipande visihame. Ukimaliza ndipo ufumue wa ndani. Mishono sita, kila mmoja unarudisha robo inchi. Vitobo vya zamani vitabaki milimita 3 kutoka kwenye mshono kwa nje, hapo ndipo maji na ukucha alivyosema Kastabani. Kama uliikata nafasi ya mshono kwenye mzingo wa kifua, vile vijikato haviruhusiwi kufika mstari mpya. Angalia kimoja kimoja. Kinachofika mbali kibandikie kwa ndani kipande cha kitambaa cha gundi ukubwa wa kucha.

Ile milimita 5 ya mishono mirefu haihitaji cherehani nyingine. Kama ina skrubu au kitufe cha kupunguza mgandamizo wa futi, kwa kawaida juu ya kichwa upande wa kushoto, punguza kidogo ujaribu kwenye mabaki ya kitenge hicho hicho. Piga bandi ya mkono, yaani mshono wa muda wa kushikiza, hatua za nusu inchi. Pini pekee hazitoshi, kati ya pini na pini kitambaa bado kinatembea. Na kipande kikizidi kidogo kwa makusudi, kama kwenye mzingo wa kifua wa prinsesi, weka kilichozidi chini, meno yakimeze.

Hanamu

Nidandie hapo kwenye zipu, maana zipu ya kujificha ina tabia zake na maelezo ya kwenye pakiti huwa mafupi mno.

Ifungue hadi mwisho. Upande wa nyuma, piga pasi yenye nukta moja, kwa ncha, ukiyakunjua meno yasimame mbali na utepe. Meno ya nailoni yakipata moto wa pamba yanaweza kuyeyuka, kwa hiyo punguza kwanza. Wanaotumia pasi ya mkaa waweke kitambaa kikavu juu na wajaribu kwenye utepe wa ziada wa mwisho wa zipu kabla ya kugusa penyewe.

Chora mstari wa mshono kwa chaki kwenye pande zote mbili za mgongo, 5/8 kutoka ukingoni. Meno yakae juu ya mstari huo. Wengi hulinganisha ukingo wa utepe na ukingo wa kitambaa, lakini upana wa utepe haufanani na nafasi yako ya mshono, kwa hiyo hapo unaharibu kabla hujaanza.

Piga bandi kushoto, shona kushoto kutoka shingoni. Sasa funga zipu. Kwa chaki nyembamba au penseli, weka alama kwenye utepe wa kulia kila mahali duara linapoanza na linapoishia, na pale ukingo wa shingo ulipo. Kwa zipu ya inchi 22 na maduara ya inchi 5 utapata alama nane au tisa hivi. Fungua. Laza upande wa kulia, kila alama ikutane na duara lake kwenye mstari wa mshono, bandi tena, hatua za robo inchi safari hii. Funga zipu utazame. Hapa ndipo pa kukagua! Kama kuna milimita 2 za tofauti, bandi unaifumua kwa dakika mbili na kitambaa hakijui kama kuna kitu kilitokea.

Ndipo cherehani. Futi ya zipu ya kujificha ina mifereji miwili, wa kushoto na wa kulia, kwa hiyo pande zote mbili unaweza kuanzia juu. Unabadilisha mfereji tu. Sindano isitoboe meno wala isiyaguse, acha unene wa uzi mmoja au miwili. Ukisogea karibu sana, kitelezi, kile cha kupandishia zipu, kitakwama pale mshono ulipo mnene. Ukikaa mbali, utepe utaonekana kwa nje kila ukikaa kwenye kiti. Simama kama inchi 1 kabla ya mwisho wa zipu, kitelezi hakikuruhusu zaidi. Sehemu ya chini ya mshono funga kwa futi ya zipu ya kawaida, anza robo inchi juu ya pale uliposimama, kidogo kushoto ya mshono wa zipu. Bila hiyo robo inchi utapata kifuko kidogo kinachotuna chini ya zipu, na hakuna pasi itakayokiondoa.

Swali moja: kitenge ulikilowesha kabla ya kukata? Pamba mpya inaweza kusinyaa asilimia 3 hadi 5. Utepe wa zipu wa poliesta hausinyai. Kama hukukilowesha, mgongo utakunjamana baada ya kufua mara ya kwanza na utadhani ni kosa la mshono.

Leso_ya_Mwambao

Salaam kutoka Mombasa. Wenzangu wamesema kweli, lakini mie nina ugomvi na paterni yenyewe kabla ya zipu.

Kwa rinda la maduara makubwa, kupitisha zipu katikati ya duara ni kujitafutia. Duara halisamehi. Ua likikosa milimita 2 jicho linalimalizia, mstari mlalo nao unaweza kuvumilia, lakini duara lililovunjika laonekana toka ng'ambo ya barabara. Weka duara zima katikati ya kifua, kitambaa cha mbele kikatwe kwenye mkunjo, halafu mgongoni acha zipu ipite kwenye nafasi iliyo kati ya safu na safu. Au hamisha zipu ubavuni, mkono wa kushoto, ambako mkono wa mtu unaificha.

Kama lazima duara ligawanywe, usikate mgongo kitambaa kikiwa kimekunjwa mara mbili. Kata kipande kimoja, uso juu. Chora maduara kwenye karatasi ya paterni kwa penseli, kisha ugeuze karatasi, uitafutie mahali pale pale kwenye duara jingine, ukate cha pili. Na kinacholingana ni mstari wa mshono, si ukingo uliokatwa. Kunja nafasi ya mshono ya kipande cha kwanza kwa pasi, kilaze juu ya kitambaa ambacho hakijakatwa, duara likamilike, ndipo uweke alama. Ongeza kitambaa kwa rudio moja la nakshi. Kwa kitenge cha yadi 6 hilo si tatizo, kwa cha yadi 3 na gauni refu pima mara mbili kabla hujanunua.

Jambo jingine ambalo watu wa kutaka kila kitu kinyooke huwa hawalitazami: nakshi ya kitenge mara nyingi haikuchapwa sambamba na mshindio. Chana kipande kidogo kwa upana utaona, uzi unakwenda huku maduara yanapanda kule. Ukifuata uzi, maduara yatapinda kiunoni. Ukifuata maduara, nguo inaweza kuvutika upande. Kama hitilafu haipiti nusu inchi kwa upana wote wa inchi 45, fuata maduara. Ikizidi, rudisha dukani.

Kwenye leso ni kazi zaidi, kuna pindo pande nne, kuna mji, yaani eneo la kati, na kuna jina, yaani ule msemo ulioandikwa, ambalo lazima likae katikati na lisomeke. Lakini leso angalau yakwambia wapi kati yake.

Kastabani

Leso_ya_Mwambao hapo kwa zipu ya ubavuni tutabishana, gauni la prinsesi la kubana kuvaliwa kwa zipu ya ubavuni ni mieleka. Kuhusu duara katikati ya kifua nakubali. Uchaguliwe ule mstari wa katikati kabisa tu, maana maduara mawili yakikaa juu ya matiti hakuna mshono utakaookoa.

Tepu_na_Chaki, kwa kuwa unapenda vipimo, hivi ndivyo vya kusimamia. Zipu, ncha za kola na shingo: milimita 1, kwa sababu kulia kunatazamana na kushoto sentimita chache tu. Mishono ya ubavu na prinsesi: milimita 3, mradi pande mbili ziwe sawa. Pindo la chini: hata robo inchi, mradi liwe sambamba na sakafu ukilipima nguo ikiwa mwilini na si mezani. Ndani ya nguo hakuna kipimo cha unyoofu. Kuna swali moja tu, je, ukingo utachambuka ukifuliwa? Zigizaga upana 3, urefu 2, basi. Ukitaka kupendezesha, funga kwa utepe wa hanamu (uliokatwa mshazari) wa upana wa inchi 1¼. Lakini usifumue zigizaga iliyopinda, hiyo ni kupoteza umeme.

Tepu_na_Chaki

Kitenge nilikilowesha usiku mzima na kukianika, hapo nimepona. Mishono sita nimeitoa upya, kifua sasa ni kipimo cha paterni. Gundi imebandikwa, bandi ya zipu imepigwa mara mbili, cherehani mara moja, pande zote kutoka shingoni. Maduara yamekutana. Isipokuwa duara la juu kabisa, lile linalogusa shingo, kuna kasoro ya milimita 1. Naliona.

Hanamu

Hiyo ni kitelezi, si mshono. Juu kabisa utepe haujashikwa na kitu, zipu inafunguka kama mdomo wa ndege. Shona kulabu na kitanzi ndani ya shingo. Kulabu upande wa kulia, milimita 2 nyuma ya ukingo. Kitanzi kushoto, kikae sawa na ukingo kabisa. Tumia uzi wa mkono mara mbili, hatua zikamate bitana na nafasi ya mshono tu, zisitokeze kwa nje. Funga kulabu kwanza, kisha ndiyo upandishe zipu. Ukishavaa, mwambie mtu atazame kutoka umbali wa mkono. Asipoiona bila kuelekezwa, usimwelekeze.